Hesabu Tuliyoisahau



Kijana mmoja wa Mchafukoge, mwenye akiba ya harusi mkononi, alituuliza anunue gari lipi: Subaru Impreza WRX au Mitsubishi Lancer Evolution. Nasi tukakumbuka washindi wa Safari Rally: Mäkinen na Lancer mwaka 1996, McRae na Subaru mwaka 1997. Tukasahau uchungaji. Tukalinganisha injini zao za turbo za lita 2, petroli zinayomeza, oili ya kubadilishwa mapema, bei za vipuri Kariakoo. Tofauti tuliyoipata ilikuwa ndogo.

Alipoondoka ndipo tulipotambua kwamba hatukumwuliza kama mchumba wake anajua. Mjenzi wa mnara katika Luka 14:28 hupiga hesabu kabla ya kujenga. Tumewaita wote wawili. Safari hii tutaanza na gharama ya kumficha mwenzi.

Dominika njema.