Neno "ya Tatu" Darasani na Kwayani

Wasomaji wetu, sisi tufundishao hesabu asubuhi na kuimbisha kwaya jioni twakutana na neno moja katika milango miwili, na katika kila mlango limevaa nguo nyingine. Neno lenyewe ni "ya tatu."

Katika hesabu, mtoto akiambiwa atwae sehemu ya tatu ya machungwa 12, atatwaa 4. Kitu kizima kimekatwa mafungu matatu yaliyo sawa, naye amepewa fungu moja. Watu wa pwani walikuwa na maneno ya Kiarabu ya kuepuka matata haya: theluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni. Theluthi na robo zingali zatumika, lakini humusi na sudusi si wengi wazisemao, na thumuni wengi huijua kuwa ni senti hamsini tu, wala hawakumbuki kwamba maana yake ni sehemu ya nane. Kwetu sisi hiyo ni hasara, maana asemaye theluthi hawezi kusikiwa vingine.

Katika nyimbo mambo ni mengine. Zile herufi za do, re, mi zilienezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza aliyeishi tangu 1816 hata 1880, naye aliijenga kazi yake juu ya njia ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Kwa herufi hizo twasema ya kwamba mi ni sauti ya tatu kutoka do. Hapa hakuna kitu kilichokatwa. Twahesabu tu: do moja, re mbili, mi tatu. Tena angalieni, pale tulipoanzia pamehesabiwa pia, ingawa mguu umepiga hatua mbili tu. Basi so ni ya tatu kutoka mi, na hiyo hiyo so ni ya tano kutoka do. Ya tatu juu ya ya tatu imefanya ya tano, wala si ya sita. (Na wale wanaume wa kwaya waitwao "sauti ya tatu" ni habari nyingine kabisa; wao ni wa tatu kwa kushuka kutoka sauti za juu, na leo tuwaache.)

Neno hili karibu lituharibie mwanafunzi. Alikuwako darasani mwetu msichana mmoja, mwimbaji hodari. Siku moja akaja mgeni kukagua shule, akamwuliza, "Ya tatu ukiijumlisha na ya tatu utapata nini?" Akajibu pasipo kusita, "Ya tano." Mgeni akacheka, na darasa zima likacheka pamoja naye. Tangu siku ile msichana hakuinua mkono tena katika somo la hesabu, na babaye akaanza kusema kwamba nyimbo zimemharibu akili, heri arudi nyumbani ashike jembe. Lakini sisi tulijua jibu lile lilikotoka. Jibu la hesabu lilikuwa theluthi mbili, hilo hatukulificha. Ila aliyeuliza hakutaja ni ya tatu ipi, na mtoto alijibu kwa ile aliyoizoea.

Desturi ya kuhesabu na mahali pa kuanzia si ya waimbaji peke yao. Bwana wetu alisulibiwa Ijumaa, akafufuka Jumapili, nasi twasema "siku ya tatu," kwa kuwa Ijumaa yenyewe imehesabiwa. Warumi nao walihesabu hivyo, na iliwapa taabu kubwa. Kaisari Julio aliamuru siku moja iongezwe katika kila mwaka wa nne. Alipokwisha kuuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, makuhani waliotunza kalenda wakauhesabu na ule mwaka wa kuanzia, hata siku ikawa yaongezwa kila baada ya miaka mitatu. Katika miaka 36 waliongeza siku 12 badala ya 9. Kaisari Augusto alilazimika kuamuru miaka 12 ipite bila kuongezwa siku, mpaka hesabu ikae sawa. Kama makuhani wa Rumi walipotezwa na neno hili, yafaa kumcheka mtoto?

Tukatafuta ubao mrefu, tukaukaza waya mmoja juu ya vijiti viwili vilivyoachana sentimeta 60, tukamwita msichana pamoja na babaye. Waya mzima ukapigwa, tukauita do. Tukatia kijiti kingine chini ya waya, tukaondoa sehemu ya tano, yaani sentimeta 12, zikabaki 48. Msichana akasikiliza, akasema, "Mi." Ile sehemu ya tano imetoa sauti ya tatu! Tukarudi kwenye 60, tukaondoa sehemu ya tatu, zikabaki 40. Akasema, "So." Sehemu ya tatu imetoa sauti ya tano. Babaye akacheka kidogo, akasema maneno haya yamebadilishana nyumba.

Kisha msichana akakishika kijiti mwenyewe. Akakirudisha penye 48, akauliza kutoka mi kwenda so ameondoa nini. Tukamwambia apime. Kutoka 48 kufika 40 ni sentimeta 8, nayo ni sehemu ya sita ya 48. Akaandika ubaoni: sehemu nne za tano, mara sehemu tano za sita, ni sehemu nne za sita, yaani theluthi mbili. Ndiyo so. Jibu alilochekewa likawa limetimia kwa hesabu, ila kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Babaye hakusema neno la jembe siku ile, wala baadaye.

Wakakaa na ubao ule hata giza likaingia. Walipoondoa nusu, zikabaki 30, ikalia do ya juu, sauti ya nane. Walipoondoa sehemu ya nne, zikabaki 45, ikalia fa, nayo ni sauti ya nne. Msichana akapima mara mbili, kwa kuwa hakuamini. Katika hizo zote walizozijaribu, ni hiyo moja tu ambayo neno la hesabu na neno la nyimbo zilipatana.