Modemu Haikuwa Imekufa

Wasee, kabla hamjatupa kitu, hebu someni kinasema nini.

Leptopu yetu ni ya zamani, RAM 512 MB. Niliiwekea Puppy Linux ndio mdogo wangu asomee, nikamwapia mathe itafanya kazi. Jumapili jioni nikachomeka modemu ya 3G ya USB. Taa inawaka, intaneti zii. Na kazi ya shule inatumwa kesho asubuhi. Fundi wa mtaa akasema, "Hiyo imekufa, nunua ingine." Mathe akaanza kuhesabu pesa ya unga. Aki aibu ilinishika.

Nikafungua terminali, nikaandika lsusb. Modemu iko! Nikaandika dmesg, ikasema imeona sidii. Kumbe modemu nyingi za aina hii hujitambulisha kwanza kama sidii, juu ndani yake kuna programu ya Windows. Linux nayo ikaamini. Hakukuwa na ttyUSB0, kwa hivyo hakuna mlango wa kupigia simu.

Dawa yake ni usb_modeswitch, inaiambia iache kuwa sidii iwe modemu. Puppy yangu haikufanya hivyo yenyewe, nikaiendesha kwa mkono. ttyUSB0 ikatokea. Kwenye wvdial nikaweka APN ya laini yangu na namba *99#. Ikashika.

Kazi ya mdogo wangu ikaenda, pesa ya unga ikanunua unga.

Fundi si mjinga, aliangalia taa tu. Lakini kwetu "imekufa" ni neno la gharama. Wewe umetupa nini kikiwa bado kizima?