Qadari, Uzembe na Vifaranga vya Mama Watoto



Ndugu zangu, na khususan akina mama mnaofuga kuku uani, leo nakusimulieni jambo lililonifedhehesha nyumbani kwangu, huenda likawafaa.

Mwaka jana, kusi ikivuma, matetea wawili wa mama watoto walitotoa vifaranga 14. Akanipa fedha nimnunulie mjini chanjo ya kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Nikasema, "Inshallah." Wiki ya kwanza nikasahau. Ya pili nikajipa udhuru wa darsa nyingi. Ya tatu, kuku wa mtaani wakaanza kuzubaa, kuhara kijani na kupinda shingo. Haukupita muda ugonjwa ukabisha hodi kwetu. Katika siku tano hakubaki kifaranga hata mmoja, na tetea mmoja akafuata.

Nilimkuta ameketi kizingitini. Nikamwambia maneno niliyozoea kuwaambia wafiwa: "Subiri, mama. Hiyo ni qadari ya Mwenyezi Mungu."

Akanitazama kwa upole. "Qadari naiamini, Maalim. Lakini zile pesa za chanjo ziko wapi?"

Zilikuwa bado mfukoni mwa koti langu.

Sikuwa na jibu. Mara ngapi nimewasimulia wanafunzi kisa cha yule Bedui aliyeamrishwa na Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah? Mimi sikufunga chochote, nikalichukua neno tukufu la qadari kulifunika kosa langu. Fedha zile zilikuwa amana. Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyokuwa yakinunua madaftari ya watoto. Na vifaranga wenyewe ni viumbe vilivyo chini ya dhima yetu, havina mdomo wa kudai haki.

Mwaka huu tetea aliyesalia alipototoa, nilimwendea afisa wa mifugo mapema. Nilijifunza kwamba kideri hakina dawa ya kuponya. Silaha yake ni kinga. Chanjo yenyewe ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na joto hukiharibu. Kwa hiyo niliibeba ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu, na jua halikuiona hadi nyumbani.

Kichupa kimoja hutosheleza kuku wengi, ilhali sisi tulikuwa na vifaranga 9 tu. Mama watoto akawaita majirani, wakachangiana gharama. Baada ya Alasiri uani pakajaa matenga na vilio vya vifaranga. Yeye akishika, mimi nikidondosha: tone moja katika jicho moja, kisha kungoja kifaranga apepese ndipo aachiliwe. Walio wagonjwa hawakuchanjwa. Kazi tuliifanya upesi, kwa kuwa chanjo ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Kisha tukanawa mikono kwa sabuni, maana ikiingia jichoni mwa mtu humwasha na kulifanya jekundu.

Chanjo ya kwanza tuliwapa walipofika siku 7, tukaambiwa turudie wiki ya 3, na baadaye kila miezi 3. Aina za chanjo hutofautiana, basi fuateni maelezo ya afisa na ya kichupa chenyewe.

Nasaha moja zaidi. Ugonjwa ukishaingia, msikimbilie kumchinja kuku aliyezubaa ili auzwe sokoni. Kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa ni ghishi, na kuku huyo huyapeleka maradhi katika banda la Muislamu mwenzio. Mizoga nayo izikwe chini sana, isitupwe jaani ikaburutwa na mbwa.

Sisemi kwamba aliyechanja hatapoteza kifaranga. Mwewe yupo, mvua ipo, na ajali ya Allah haina chanjo. Lakini mwenye kutimiza sababu kisha akapatwa, huyo ana haki ya kusema "qadari" na moyo wake ukatulia. Mimi mwaka jana nililisema nikiwa na deni mfukoni.

Juma lililopita mama watoto alinipa tena fedha, za kurudia chanjo. Sikuzitia mfukoni mwa koti. Nilizishika mkononi hadi dukani, siku ile ile.

Wabillahi tawfiq.