Mlima Usiorudisha Kiatu

Msafiri anayefika Morogoro kwa mara ya kwanza, awe ameshuka katika basi pale Msamvu au katika treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 2024, jambo la kwanza analoliona ni mlima. Uluguru hauko mbali kama milima mingine inayopamba upeo wa macho. Umesimama nyuma ya nyumba za watu, mfano wa mzee aliyetoka kibarazani kutazama wajukuu wanafanya nini uani. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji huo, kina mita 2,138. Yaani kati ya soko na kilele kuna kimo cha zaidi ya mita 1,600, na mtu mwenye miguu mizuri akitoka nyumbani asubuhi hahitaji gari kufika kwenye msitu.

Makala haya hayakusudii kuusifu mlima huo, kwani sifa zake zimesemwa vya kutosha. Yanakusudia kutazama jambo dogo lililo chini ya macho ya watu, nalo ni viatu. Mlima wa Uluguru huvua watu viatu, wala haurudishi. Kila anayezijua njia zake anafahamu kwamba pembeni mwa mapito, katika matope na mizizi, hubaki ndala moja moja zisizo na wenzake, na kila moja ina historia ya mtu aliyefika mjini akichechemea.

KUSHUKA NDIO NGOMA

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wageni wanaokwenda Morningside, penye jengo la kale la Wajerumani, huogopa kupanda; huhema, huomba maji, huuliza kama bado ni mbali. Lakini wenyeji huogopa kushuka. Mtu apandapo, uzito wake husukuma kisigino ndani ya kiatu. Ashukapo, mguu huteleza mbele, vidole hubana, na kisigino hubaki wazi. Kandambili, ambayo ndiyo kiatu cha wengi, hushikwa na mkanda unaopita kati ya kidole gumba na cha pili, basi. Nyuma haina kitu. Tope la masika likiishika soli, mguu huendelea na safari na kandambili husema kwaheri.

Ni vema msomaji amfikirie mama anayeteremka kutoka vijiji vya juu alfajiri, kabla jua halijatoka, akiwahi soko kuu, ambalo leo huitwa soko la Chifu Kingalu. Kichwani amejitwika tenga la ndizi au mzigo wa magimbi na mboga. Kiatu kinapomtoka hawezi kuinama. Akitaka kukitafuta, sharti atue mzigo; na akiutua, sharti apatikane mtu wa kumtwika tena. Wakati huo wenzake wanatangulia, na anayetangulia ndiye anayepata bei nzuri. Hivyo mama huyo hufanya hesabu ya haraka ambayo haikufundishwa shuleni: thamani ya kiatu kwa upande mmoja, thamani ya soko la leo kwa upande mwingine. Mara nyingi kiatu hushindwa.

Ndiyo sababu wengi huona heri kuvua mapema. Si ajabu kukutana na mtu anayeteremka pekupeku huku viatu vyake vimesafiri juu ya mzigo, vikavu na safi, kama abiria wa daraja la kwanza. Afikapo kijito cha mwisho, huosha miguu, huvaa viatu, kisha huingia mjini kwa heshima zake. Mgeni anaweza kucheka. Hata hivyo, hesabu hiyo ina gharama. Mguu mtupu hukutana na miiba, vipande vya chupa, funza, na jeraha dogo lililoingia udongo huweza kuleta pepopunda, ugonjwa usio na mzaha. Anayepoteza kiatu mlimani, kwa hiyo, amepoteza kitu kikubwa kuliko mpira na mkanda.

WANAOANGUKA KUTOKA MAWINGUNI

Labda msomaji atauliza: je, kuna mahali ambapo kushuka ni kwa haraka zaidi kuliko Lupanga? Kupo. Duniani kuna watu wanaofanya mchezo wa kuruka kutoka katika ndege kwa mwavuli, na hata katika Afrika Mashariki, katika ufuko wa Diani kusini ya Mombasa, wageni wamekuwa wakilipa fedha nyingi ili waruke hivyo wakiwa wamefungwa pamoja na mwalimu. Mchezo huo si mpya. Mfaransa André-Jacques Garnerin aliruka kwa mwavuli kutoka katika puto huko Paris mwaka 1797, kabla ndege hazijabuniwa.

Siku hizi mrukaji hutoka katika ndege iliyo mita 3,000 au zaidi juu ya ardhi, yaani juu kuliko vilele vyote vya Uluguru. Kwa muda wa sekunde kumi hivi huongeza mwendo, kisha hewa inayomsukuma kutoka chini husawazisha uzito wake, naye huendelea kuanguka kwa kiasi cha kilometa 200 kwa saa. Kwa mwendo huo upepo hupekua mifuko kama mwizi wa stendi. Kofia, miwani, saa iliyolegea, funguo na simu, vyote huweza kwenda. Kisha mwavuli hufunguka, na mwili ulioshuka kwa kasi ile huzuiwa ghafla. Mguu hutii, kiatu kisichofungwa vizuri hakitii, huendelea na safari yake ya chini peke yake. Kwa hakika sheria ni ile ile ya njia ya Lupanga: mguu na kiatu vikishindwa kukubaliana juu ya mwendo, huachana.

Kwa sababu hiyo walimu wa mchezo huo huwakagua wanafunzi wao miguu kabla hawajapanda ndege. Viatu sharti viwe vya kufunga kwa kamba, na kamba zikazwe. Viatu vyenye kulabu za chuma hukataliwa, kwa kuwa nyuzi za mwavuli huweza kunasa humo. Miwani hufungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Mifuko isiyofungika humwagwa vitu vyote. Sababu si hasara ya mrukaji tu. Chini kuna watu, na kiatu kitokacho mawinguni si zawadi kwa anayekipokea kichwani.

MSICHANA MWENYE KIATU KIMOJA

Tarehe 24 Desemba mwaka 1971 ndege ya abiria ilivunjika katika dhoruba juu ya msitu wa Amazon nchini Peru. Ndani walikuwamo watu 92. Aliyeokoka ni mmoja, msichana wa miaka 17 aitwaye Juliane Koepcke, ambaye alianguka kiasi cha mita 3,000 akiwa bado amefungwa katika kiti chake. Alipozinduka chini ya miti, mama yake aliyekuwa kando yake katika ndege hakuwapo. Miwani yake ilikuwa imepotea, na miguuni alikuwa na kiatu kimoja tu.

Juliane hakukitupa kiatu hicho kwa kuwa hakikuwa na mwenzake. Bila miwani hakuweza kuona vizuri mahali pa kukanyaga, basi aliutanguliza mguu wenye kiatu, akipima ardhi kwa hofu ya nyoka. Aidha alikumbuka fundisho la baba yake: ukipotea msituni, fuata maji, kwani maji huwafikia watu. Alifuata kijito kwa siku nyingi, kijito kikawa mto, na katika siku ya kumi na moja wakata magogo wakamkuta. Wako watu waliookolewa kwa meli na wengine kwa ndege. Msichana huyu aliokolewa kwa mafundisho, kijito na kiatu cha mguu mmoja.

Fundisho hilo la maji lingemfaa hata aliyepotea Uluguru. Mto Morogoro huteremka hadi mjini na kuingia Ngerengere. Ngerengere huingia Ruvu. Na Ruvu, ambao huwapa maji wakazi wa Dar es Salaam, huingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kandambili ya mpira huelea. Iliyoponyoka katika kijito cha mlimani wakati wa mafuriko huweza, isiponaswa na matawi, kuiona bahari kabla ya mwenyewe. Na bahari nayo haikai na mali ya watu milele. Huko Kenya, katika kisiwa cha Kiwayu upande wa Lamu, tangu miaka ya 1990 akina mama wameokota kandambili zinazotupwa ufukoni na mawimbi, wakazikata na kuchonga wanyama wa rangi nyingi wa kuuza.

VIATU VYA MIGUU YA MBALI

Huwezi kuzungumza habari ya viatu katika mji huu ukanyamaza juu ya kiwanda. Katika miaka ya 1970 Morogoro ulichaguliwa kuwa mji wa viwanda, na miongoni mwa vilivyojengwa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikuwamo kiwanda kikubwa cha viatu. Mitambo yake ilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya jozi hizo ilipangiwa kwenda kuuzwa Ulaya. Wakazi wa mji walikuwa na haki ya kuona fahari. Mji ulio chini ya mlima unaovua watu viatu ulikuwa sasa uivike dunia.

Mambo hayakwenda hivyo. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikuwa na mpango wa kupitisha hewa, kana kwamba jua la Morogoro halikuhesabiwa. Mitambo iliharibika na vipuri vikakosekana, na kiwanda hakikupata kamwe kutumia zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake. Viatu vya Ulaya havikwenda Ulaya. Mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Wafanyakazi waliokuwa wamejifunza kazi hiyo walirudi nyumbani na ujuzi usio na mashine.

Mtu anaweza kupima hasara hiyo kwa fedha za mkopo, na wataalamu wamefanya hivyo mara nyingi. Lakini akisimama mjini akatazama juu, ataiona hasara nyingine. Kiwanda kilipangwa kwa ajili ya miguu ya barabara za lami za nchi za mbali, na wakati huo huo, umbali wa mwendo wa asubuhi moja, palikuwa na maelfu ya miguu iliyokuwa ikishuka pekupeku na mazao. Yafaa ikumbukwe kwamba halikuwa jambo la kwanza la namna hiyo katika mlima huu. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru walikataa kwa hasira amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Walioitoa amri hiyo walikuwa na hoja juu ya mmomonyoko wa udongo, lakini wenye majembe ndio waliojua uzito wa kazi na hali ya udongo wao. Mteremko una elimu yake, na elimu hiyo haisomeki kwenye ramani.

MKANDA WA KISIGINO

Jibu la swali la mlima lipo, nalo ni la zamani. Ni katambuga. Fundi huchukua tairi lililochakaa, akalikata kwa kisu kikali kwa kipimo cha mguu wa mteja aliyesimama mbele yake, kisha akapigilia mikanda. Mkanda mmoja hupita mbele juu ya vidole. Mwingine, ulio muhimu kuliko wote, hupita nyuma na kukamata kisigino. Mistari ya tairi iliyotengenezwa kushika barabara hushika tope vilevile. Kiatu hicho si cha harusi, wala hakuna atakayekisifu kwa wepesi. Lakini mvaaji akishuka, nacho kinashuka, akisimama, kinasimama.

Mkanda ule wa kisigino ni neno lile lile analolisema mwalimu wa miavuli anapokaza kamba za viatu vya mwanafunzi wake mlangoni mwa ndege. Fundi wa katambuga hakumsikia mwalimu yule, na mwalimu hakupata kumwona fundi. Wote wawili walifundishwa na kushuka.

Basi, ndugu msomaji, ukipanga kuwachukua watoto siku ya mapumziko mkauone mlima, yazingatie machache. Vilele na msitu wa juu vimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa mwaka 2008, kwa hiyo pata kibali na umchukue mwenyeji wa kuwaongoza. Kandambili ziacheni nyumbani. Vaeni viatu vyenye kushika kisigino, na kabla ya kuanza kushuka, simameni mkaze kamba upya, maana zilizofungwa kwa kupanda hazitoshi kwa kushuka. Simu na funguo viwekwe katika mfuko unaofungika. Mkikutana njiani na mama mwenye mzigo kichwani, mpeni shikamoo na mpisheni upande ulio salama. Na mkimwona amesimama, anatazama nyuma kwa jicho la pembeni bila kugeuza shingo, msipite. Mwambieni atulie, mtafutieni kiatu chake, mvisheni. Itawachukua dakika mbili, naye atafika sokoni na miguu yote miwili.