Njomba, Mwimbaji Yuko Wapi?

Redio ya kwanza niliyoijua ilikuwa ya mjomba wangu, Newala. Ilikuwa na kasha la mbao, kitambaa cha rangi ya udongo mbele, na nyuma ya kitambaa spika moja tu ya karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Newala ilikuwa jirani na vita. Ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika, unaliona bonde la Ruvuma chini, na ng'ambo ni Msumbiji, ambako FRELIMO walikuwa wakipigana na Wareno. Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilikuwa na vipindi vya wapigania uhuru, na jioni wazee walijaa barazani kwa mjomba wakisikiliza neno kwa neno. Kwao redio nzuri ilikuwa ile inayotamka. Kishindo hawakukitafuta redioni. Walikuwa na ngoma za sindimba, ambazo ngozi zake hukazwa kwa moto wa nyasi kabla ya kupigwa.

Redio hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha muziki wa dansi. Alianza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, wakaja NUTA Jazz, na kuanzia 1978 ikawa zamu ya Mlimani Park, Sikinde yenyewe. Bendi ziliingia studio za RTD na kupiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa na mapulizo, na wimbo ukatoka kama ulivyopigwa. Masafa ya kati hayabebi sauti nyembamba za juu, na ile spika ya karatasi haikuwa na ubavu wa kutoa besi ya chini kabisa. Kilichofika Newala ni cha katikati: sauti ya mtu, gitaa la solo, saksafoni. Betri zikichoka tulizianika juani zikapata uhai wa kumalizia kipindi cha salamu.

Redio kaseti zilikuja, spika zikawa mbili, na kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine ilizunguka mtaa mzima mpaka ikaanza kukwaruza. Hata hivyo maneno ya wimbo tuliyajua yote, kwa sababu tuliyasikia.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwetu mwaka 2007. Mkulima akawa anapeleka mzigo chama cha msingi, unapigwa mnada, kisha anasubiri malipo yake. Fedha iliyokuwa ikidondoka kwa vibakuli vya kangomba, ule ununuzi wa vichochoroni, sasa ilikuja kwa mkupuo. Umeme nao uliendelea kusogea vijijini. Msimu ulipochangamka, Masasi mjini kila duka lilitoa sabufa barazani, na ungeweza kuujua mwisho wa barabara kwa mtikisiko kabla hujaufikia. Siwalaumu vijana. Bongo Fleva imetengenezwa kwa kompyuta na besi yake ni ya makusudi; kuisikiliza bila sabufa ni kuipunja.

Mimi nilitaka zaidi ya sabufa. Msimu wa 2017 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na watu wa uwanda walijenga, walioa, walinunua pikipiki. Mimi nilipanda basi kwenda Dar es Salaam nikarudi na spika mbili za kusimama sakafuni, za Ulaya, zimefungwa katikati ya magodoro. Kila moja ilinifika kifuani, ina wufa mbili, midi na tuita. Nikazisimamisha sebuleni kwangu Masasi: ukuta wa tofali za saruji, sakafu ya vigae, bati juu.

Zilitoa kila kitu. Nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi, nikasikia hata mvumo wa utepe wa zamani kabla wimbo haujaanza. Wageni walishangaa. Lakini nikaanza kujiona nazima baada ya nyimbo mbili. Nilikuwa nikizikagua nyimbo, sizisikilizi.

Mjomba alishuka kutoka Newala kuja hospitali ya Mkomaindo, akalala kwangu. Nikamwekea Sikinde. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Njomba," ndivyo tunavyoitana, "mashine naisikia. Mwimbaji yuko wapi?"

Fundi redio mmoja wa hapa Masasi ndiye aliyenieleza alikojificha. Spika kubwa hugawa wimbo vipande: wa chini unakwenda kwenye wufa, wa kati kwenye midi, wa juu kwenye tuita. Vipande hivyo vinahitaji nafasi ili viungane kabla ya kulifikia sikio, na sebule yangu haikuwa na nafasi hiyo. Sauti ya mwimbaji ilikuwa ikianzia kwenye spika moja na kumalizikia kwenye nyingine. Tena spika ikisogezwa kwenye kona, kuta huiongezea besi, na besi ikizidi huimeza sauti ya mtu. Bati nalo lilikuwa likiitikia kila noti ya chini. Tulizivuta mbali na ukuta, tukatandika zulia, tukaning'iniza mapazia mazito. Zikatulia, ila mwimbaji hakurudi kamili.

Basi nikaziuza, na nikanunua jozi ndogo ya mbao, kila moja na wufa ya karatasi na tuita. Kuna historia nyuma ya maboksi ya namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafundi wa BBC walihitaji spika ya kutumia ndani ya magari ya matangazo, ambamo hakuna nafasi na kazi kubwa ni kuhakiki sauti ya mtangazaji. Wakatengeneza LS3/5A, yenye urefu wa sentimita 30 hivi. Waliiacha besi ya chini iende, wakaitunza sauti ya binadamu. Hadi leo wapo wapenda muziki wanaozitafuta zile za zamani kwa bei kali. Zangu si hizo, lakini zimefuata fikra ile ile.

Gurumo na Bitchuka, waimbaji wa Sikinde, wamerudi sebuleni, kila mmoja na mahali pake, na magitaa yanajibizana bila kugombana. Nilichopoteza nakijua: wapwa zangu wakija na nyimbo zao wanasema pamepoa, na siku ya sherehe tunaazima sabufa kwa jirani. Ni haki. Sherehe inataka kishindo.

Kwa anayetaka kununua, iwe Kariakoo au hapa Masasi: usikubali kupimiwa kwa wimbo wa muuzaji, maana huo umechaguliwa ukuuzie. Nenda na wimbo wako, wenye sauti ya mtu unayemfahamu vizuri. Waambie wapunguze sauti mpaka kiwango cha maongezi, kisha kaa usikilize hadi mwisho. Ukiyashika maneno yote, na ukatamani wimbo wa pili, lipa. Vinginevyo, shika fedha yako ya korosho urudi nayo nyumbani.