Boeing 777, matoleo yake, na nakala zangu sita

Najua nimepotea kwa muda mrefu, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Kazi ilinilemea, tena kwa makosa yangu mwenyewe. Leo nitawasimulia ilivyokuwa, lakini nitapitia njia ndefu kidogo kwa sababu lililonifungua macho ni ndege. Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu huu, kwa hivyo mnivumilie.

Nilikulia Embakasi, karibu na uwanja wa JKIA. Mjomba wangu alikuwa akipakia mizigo pale uwanjani, na ndiye aliyenifundisha kutofautisha ndege. Mwaka 2004, nikiwa bado mtoto mdogo, Kenya Airways ilipokea Boeing 777 yake ya kwanza. Kwangu mimi ilifanana tu na 767 walizokuwa nazo. Mjomba akaniambia, "Usiangalie rangi, hesabu magurudumu." 767 ina magurudumu manne kwa kila mguu mkubwa wa nyuma. 777 ina sita. Tangu siku hiyo sijawahi kuzikosea.

Sasa tuje kwa shida yangu. Miaka mitatu iliyopita niliandika programu ya kusimamia mikopo ya SACCO moja ndogo. Ilifanya kazi vizuri, na sifa zikaenea. SACCO ya pili ikaitaka, ila riba yao ilihesabiwa tofauti. Nilifanya nini? Nikanakili msimbo wote, nikabadilisha pale pa riba, nikawapa. Ya tatu ilitaka risiti za aina nyingine. Nikanakili tena. Kufikia mwaka jana nilikuwa na nakala sita, kila moja na tabia zake kama watoto wa baba mmoja na mama sita.

Kisha likazuka kosa. Ujumbe wa malipo ya simu ukifika mara mbili, programu ilihesabu malipo mawili. Niliona kosa hilo katika nakala ya kwanza, nikalirekebisha, nikarekebisha ya pili na ya tatu pia. Ya nne nikaisahau. Miezi minne baadaye nikapigiwa simu na mwenyekiti wa SACCO hiyo. Kulikuwa na mama mmoja, muuza nguo sokoni, ambaye taarifa yake ilionyesha amemaliza mkopo. Alikuwa ameshawashukuru wadhamini wake na kuwaachilia. Kumbe alibakisha shilingi 14,000. Kamati ilimwita mbele ya wanachama kana kwamba ni mdanganyifu.

Nilienda kumwomba msamaha ana kwa ana. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, kompyuta yako ilisema nimemaliza. Sasa ikisema sijamaliza, niamini ipi?" Sikuwa na jibu. Wiki hiyohiyo SACCO ya saba ilinipigia ikitaka nakala yake. Pesa nilizihitaji. Usiku nikafanya ninachofanya nikizidiwa na mawazo: nikaanza kusoma kuhusu ndege.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Boeing ilikuwa na pengo. 767 ilikuwa ndogo, 747 ilikuwa kubwa, na katikati hapakuwa na kitu. Wakati huohuo Airbus ilikuwa ikitengeneza A330 na A340, na McDonnell Douglas ilikuwa ikijenga MD-11. Jibu la kwanza la Boeing lilikuwa lile ambalo mimi ningetoa Ijumaa jioni: tuchukue 767, tuirefushe, tuibandikeni mbawa kubwa. Mashirika ya ndege yakakataa. Yalitaka mwili mpana zaidi, na ndege inayoweza kubadilishwa kulingana na safari.

Basi mwaka 1990 Boeing iliyaita mashirika manane yakae na wahandisi wake: United, American, Delta, British Airways, Qantas, Cathay Pacific, Japan Airlines na All Nippon. Yalipewa maswali ya kurasa 23 kuhusu kila wanachotaka. Mwezi Oktoba mwaka huo United ikaagiza ndege 34. Jambo lililonigusa ni kwamba tangu mwanzo, kabla chuma hakijakatwa, walishapanga kwamba ndege hii itakuwa na ndugu: mmoja wa safari za kadiri, mmoja wa safari ndefu, na mmoja mrefu wa mwili. Swali lililoongoza lilikuwa nini kitabaki kilekile na nini kitabadilika. Mimi sikuwahi kuuliza swali hilo. Nilikuwa nikinakili tu.

Kwetu sisi watu wa tarakilishi, 777 ina sifa nyingine kubwa. Ndiyo ndege ya kwanza ya abiria kuchorwa yote ndani ya tarakilishi. Walitumia programu ya CATIA kutoka kampuni ya Dassault ya Ufaransa. Zamani walichora kwenye karatasi, kisha wakajenga ndege ya mfano ili kuona kama bomba hili litagongana na waya ule. Safari hii mgongano ulionekana kwenye skrini. Walijenga mfano wa sehemu ya pua pekee ili kujihakikishia, na walipoona vipande vinakaa sawasawa, mifano mingine ikafutwa. Ndege yenyewe ina vipande takriban milioni 3!

Pia ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria ya Boeing ambayo amri za rubani hupitia kwenye tarakilishi kabla ya kufika kwenye mbawa na mkia. Airbus walitangulia na A320 mwaka 1988. Ndani ya 777 kuna tarakilishi tatu kuu za kuongoza ndege, na kila moja ina njia tatu za hesabu zenye prosesa za aina tatu tofauti: Intel, Motorola na AMD. Msimbo uliandikwa mara moja kwa lugha ya Ada, kisha ukapitishwa kwenye kompaila tatu tofauti, ili prosesa moja au kompaila moja ikiwa na kasoro, nyingine ziikatae. Chanzo kimoja, walinzi wengi. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu.

Ndege ya kwanza iliruka tarehe 12 Juni 1994. Mapema mwaka 1995 walichukua ndege ya majaribio, wakavuta mbawa zake juu makusudi mpaka zikavunjika. Zilipinda zaidi ya mita 7 na kuvunjika kwenye asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa maishani mwake, wakati sheria ilidai 150. Tarehe 7 Juni 1995 United ikabeba abiria wa kwanza kutoka London hadi Washington.

Baada ya hapo watoto wakaanza kuzaliwa. 777-200 ya kwanza ilifika takriban kilomita 9,700. Mwaka 1997 ikaja 777-200ER, mwili uleule lakini yenye mafuta mengi na uwezo wa kupaa ikiwa nzito zaidi, ikafika kilomita 13,000. Hii ndiyo ile ya mjomba. Mwaka 1998 ikaja 777-300, iliyorefushwa mita 10. Ilibeba watu wengi lakini haikwenda mbali kama ER, na zilijengwa 60 tu. Mwaka 2004 ikaja 777-300ER yenye injini ya GE90-115B, na hiyo ndiyo iliyoteka soko: zimejengwa zaidi ya 800. Kenya Airways nayo ilipokea ya kwanza yake mwaka 2013.

Halafu kuna ninayoipenda zaidi, 777-200LR ya mwaka 2006. Hii ilichukua injini na mbawa za 300ER ikaziweka kwenye mwili mfupi. Novemba 2005, kabla ya kuanza kazi, ilitoka Hong Kong hadi London kwa kuzungukia mashariki, kilomita 21,602 bila kutua, saa 22 na dakika 42. Lakini sifa haziuzi ndege. Zilinunuliwa takriban 60 pekee. Je, ilikuwa hasara? La. Kwenye msingi wake wakajenga 777 ya mizigo, iliyoanza kazi mwaka 2009, ikapendwa sana. Toleo lililokosa wateja likazaa lililopata, kwa sababu yote mawili yalikuwa ya ukoo mmoja. Na rubani aliyefunzwa 777-200 halazimiki kuanza upya akipewa 777-300. Leseni ya aina ni ileile.

Hapa nilitaka kufunga tarakilishi nikalale nimeridhika. Lakini nikakutana na habari ya mwaka 2005, na hiyo ndiyo iliyonikamata kooni.

Tarehe 1 Agosti 2005, 777-200ER ya Malaysia Airlines iliondoka Perth, Australia, kwenda Kuala Lumpur. Ikiwa futi 38,000 ilianza kuinua pua yenyewe. Ikapanda hadi futi 41,000, na mwendo ukashuka kutoka noti 270 hadi 158. Rubani alizima mtambo wa kujiendesha, akaidhibiti, akarudi Perth salama. Wachunguzi wa Australia walieleza kisa chake. Kihisi kimoja kinachopima mabadiliko ya mwendo kilikuwa kimeharibika Juni 2001. Programu ilikitambua, ikakitenga, kazi ikaendelea kama ilivyobuniwa. Miaka minne baadaye kihisi kingine kikaharibika. Hapo programu, kwa kasoro iliyokuwa imejificha, ikaanza kukisikiliza tena kile kibovu cha zamani. Kasoro hiyo haikuonekana katika majaribio yote ya awali.

Kwa hivyo hata wale waliovunja mbawa makusudi walipitwa na kosa. Tofauti ilikuja baadaye. Mwezi huohuo mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la dharura kwamba kila mwenye 777 abadilishe programu ya kifaa hicho. Kila mtu alijua kasoro iko wapi, kwa sababu kifaa kilijulikana na toleo lilijulikana. Mimi nilipopigiwa simu na yule mwenyekiti, sikuweza hata kusema ni nakala ngapi kati ya sita zilizokuwa na ugonjwa. Ilinibidi kufungua moja baada ya nyingine usiku kucha. Msingi mmoja hauzuii makosa. Unayapa makosa anwani moja, ukajua pa kubisha hodi.

Asubuhi niliiambia SACCO ya saba isubiri miezi mitatu. Walikataa, wakaenda kwa mtu mwingine, na kodi ya nyumba mwezi huo niliilipa kwa shida. Mwenzangu ninayefanya naye kazi akasema, kama ni hivyo, basi tutupe yote tuandike upya kwa lugha mpya. Nikamwambia aitazame 777X.

777X ilizinduliwa mwaka 2013: injini mpya, mbawa mpya ndefu zinazokunjwa ncha ili ndege itoshee kwenye maegesho. Cha kuchekesha, ncha za kukunja ziliwahi kutolewa kwa 777 ya kwanza kabisa, na hakuna shirika lililozinunua. Ndege hii ilipangwa kukabidhiwa mwaka 2020. Badala yake mwaka 2019 injini ilihitaji marekebisho na mwili ukapasuka katika jaribio la mzigo, ikaruka mara ya kwanza Januari 2020, ukaguzi ukawa mkali zaidi baada ya ajali za 737 MAX, na Oktoba 2025 Boeing ikatangaza kwamba ndege ya kwanza itakabidhiwa 2027. Ukibadilisha injini na mbawa kwa pamoja, umejenga ndege mpya hata kama jina ni la zamani. Sina miaka saba ya kuchelewa, na yule mama hana.

Kwa hivyo tunafanya kazi isiyo na sifa. Tumechukua nakala ya kwanza kuwa msingi. Riba, risiti na kanuni za kila SACCO tumezitoa nje ya msimbo, sasa ni mipangilio. Kila kosa jipya tunaliandikia jaribio kabla ya kulirekebisha, na la kwanza kabisa ni lile la malipo yanayofika mara mbili. SACCO nne tayari ziko kwenye msingi mmoja. Ya kwanza kuhamishwa ilikuwa ile ya yule mama.

Wiki iliyopita alinionyesha taarifa yake mpya kwenye simu: amemaliza, kwa kweli safari hii. Hata hivyo alikuwa ameileta daftari yake ya karatasi, akalinganisha mstari kwa mstari mbele yangu kabla ya kukubali. Nilikaa kimya nikangoja amalize. Ana haki ya kukagua.

Nakala mbili bado zimebaki. Nikizimaliza nitawaandikia jinsi tulivyohamisha takwimu bila kusimamisha kazi za watu. Mpaka wakati huo, kwaherini, na mkipita karibu na JKIA, hesabuni magurudumu.