Kwa Nini Wageni Hufa na Wenyeji Hubaki?

Wasomaji wangu, leo naweka Python kando kidogo. Ukisomea kompyuta katika ukoo wetu, unageuka fundi wa kila kitu chenye waya: redio, simu, taa za sola, na sasa samaki. Mjomba wangu hapa Tabaka ana tangi la maji ya chumvi sebuleni, lita 200. Naam, maji ya bahari huku Kisii, kilomita zipatazo 800 za barabara kutoka Mombasa!

Mjomba ni mchongaji wa mawe ya sabuni, kama watu wengi wa Tabaka. Kwa miaka mingi alipeleka vinyago pwani kuwauzia watalii. Huko akafahamiana na wavuvi wa samaki wa mapambo, wale wanaopiga mbizi kwenye matumbawe wakiwa na nyavu ndogo. Samaki wao wengi hupanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Wachache wakapanda basi kuja kwetu.

Shida ni kwamba katika mwaka mmoja alileta wageni 11 kwa awamu tatu, na 9 wakafa kabla ya siku ya nne. Lakini damseli wawili alioanza nao wako hai hadi leo, wanene na wakali. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani alilaumu jiwe la sabuni ambalo mjomba alilichonga kama pango na kulitia ndani. Mama alisema samaki wa bahari hana shughuli mlimani. Mjomba alishataka kuliuza tangi, na si kwa ajili ya pesa tu. "Mpwa wangu," aliniambia, "samaki wa jiwe nikikosea natupa jiwe. Hawa nawatoa kwao wazima nije kuwazika."

Kwa mtu wa programu, damseli wale wawili ndio habari yenyewe. Wanaishi katika maji yale yale, karibu na jiwe lile lile, wanakula chakula kile kile. Nilipima tangi: amonia 0, naitraiti 0, pH 8.2, chumvi gramu 35 kwa lita. Bakteria wanaogeuza amonia ya mkojo na kinyesi kuwa naitraiti, kisha naitreti, walikuwa wameshakaa vizuri. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, na tangi hili lilikuwa na miezi. Basi seva ni nzima. Tuangalie safari.

Awamu ya tatu ilipokuja, niliomba kihisi joto kiwekwe ndani ya boksi, kimeunganishwa na ESP32 na betri. Safari ilichukua saa 18. Mombasa kihisi kilisoma nyuzi 28. Alfajiri, basi likipita Limuru, kikasoma 19.5. Hilo peke yake ni baya, lakini halikunitosheleza, kwa sababu samaki walifika wakiogelea.

Kilichonishtua ni maji ya mfukoni. Amonia ilikuwa miligramu 4 kwa lita, pH 6.8. Samaki aliyefungiwa hupumua, kaboni dayoksaidi inajaa, maji yanakuwa na asidi, pH inashuka. Katika pH ya chini, amonia karibu yote hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halina sumu kali. Yaani uchafu unaomwua samaki na asidi inayomkinga viko katika mfuko mmoja. Ukiufungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia inarudi katika umbo lake la sumu. Kipimo cha pH ni cha logi: kila hatua 1 ni karibu mara kumi. Kutoka 6.8 hadi 8.2, sumu inaongezeka kama mara 25, bila samaki kuongeza hata tone la mkojo!

Sasa, muuzaji alikuwa amemwagiza mjomba afungue mfuko, kisha atiririshe maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili. Ushauri huo unafaa kwa samaki aliyetoka dukani dakika ishirini zilizopita. Kwa aliyesafiri saa 18, ni saa mbili za kukaa ndani ya sumu, matamvua yakiungua polepole, kisha kufa siku ya pili wakati hakuna tena anayeukumbuka mfuko.

Kuna jambo la mwinuko pia. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 hushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita ufukweni. Kwenye mita 1,700, mwinuko wa mji wa Kisii, ni kama 5.5 tu. Mwenyeji mzima ataivumilia. Mgeni mwenye matamvua yaliyoungua hana akiba hiyo, hasa umeme ukikatika usiku.

Awamu ya nne ilikuwa ya samaki watano. Boksi lilizungushiwa blanketi. Mifuko ilielea ikiwa imefungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha samaki wakahamishwa haraka kwa mkono kwenye beseni lenye maji ya chumvi kiasi kile kile, na maji ya mfuko yakamwagwa nje. Beseni lilikuwa na sponji kutoka tangi kubwa, pampu ya hewa ya betri, na giza. Huko wamekaa wiki tatu, mbali na damseli, ambao humshambulia kila anayeingia. Wanne wako hai. Wa tano alikufa siku ya sita, akihema sana, na sina vipimo vya kunieleza sababu.

Mjomba sasa anamtaka yule mdogo wa buluu mwenye mstari mweusi, *Labroides dimidiatus*, anayewasafisha wenzake vimelea. Huyo nilimkatalia kabisa. Chakula chake kiko kwenye miili ya samaki wa mwambani, na katika matangi mengi hufa njaa taratibu. Tulibishana jioni nzima. Kesho yake akamchonga wa jiwe, akampaka rangi, na sasa yuko juu ya televisheni.